Hakuna aliyepigana juu ya duara

Wiki hii nimetumiwa tena ile picha: duara kubwa, mistari imekatizana ndani yake, na mwili wa mwanamume umelazwa humo ukapimwa kuanzia utosini hadi unyayoni. Aliyenitumia ananieleza kwa kujiamini kabisa kwamba Wahispania wa zamani walichora duara la siri sakafuni, wakalizunguka kwa madaha, na kwamba ndiyo maana mchezo wao wa upanga ulikuwa maonyesho matupu. Nimeshalijibu jambo hili kwa watu wengi, mmoja mmoja. Leo nalijibu hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Tuanze na picha yenyewe. Ni ya Gérard Thibault, mwalimu wa upanga mzaliwa wa Antwerp, na kitabu chake kilichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1630 ingawa ukurasa wa jina unasema 1628. Thibault aliwahi kuishi Sanlúcar de Barrameda, kusini mwa Hispania, akayaona ya huko, kisha akarudi kaskazini na kujenga mfumo wake mwenyewe, akauandika kwa Kifaransa. Yeye ndiye aliyetoa vipimo vya duara kwenye mwili wa mtu, na yeye ndiye aliyetaka upanga ukisimamishwa chini ufikishe msalaba wa mpini kitovuni. Ni kazi ya kupendeza mno na naiheshimu. Lakini aliyemsoma Thibault peke yake bado hajawasoma Wahispania.

Asili ya elimu ya upanga ya Wahispania nitaipitia haraka. Upanga mwembamba wa kuvaliwa na nguo za kiraia, rapia, unatajwa Hispania katika orodha ya mali ya Don Álvaro de Zúñiga ya mwaka 1468. Kufikia 1564 panga hizo zilikuwa zimerefuka hadi Mfalme Felipe II akatoa amri kwamba chuma kisizidi robo tano za vara, kipimo cha urefu cha Kihispania, yaani kama sentimita 104. Walimu walikuwapo kabla ya hapo, na Francisco Román wa Sevilla alikuwa na kitabu mwaka 1532, lakini kimepotea. Aliyegeuza mambo ni Jerónimo Sánchez de Carranza, naye wa Sevilla. Kitabu chake kilikamilika 1569 kikachapwa Sanlúcar mwaka 1582, chini ya ulinzi wa mtawala wa Medina Sidonia. Carranza aliwachukia walimu waliouza mbinu moja moja: akifanya hivi, wewe fanya vile. Alitaka sababu. Kwa nini mkono ukae hapa na si pale? Akazitafuta sababu hizo kwa Euclid na Aristotle, vitabu ambavyo kila msomi wa zama zake alivisoma. Luis Pacheco de Narváez wa Baeza akafuata na kitabu chake cha Madrid cha 1600, baadaye akawa mwalimu wa upanga wa Felipe IV. Elimu hii wakaiita La Verdadera Destreza, ustadi wa kweli, na bado iliandikiwa vitabu vizito mwaka 1705, Lórenz de Rada alipotoa vyake. Kwa wasomaji wa Pwani: Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, Felipe II akiwa mfalme wa Hispania na Ureno kwa pamoja. Kuta zile na elimu hii ni za zama moja.

Sasa kanuni. Simama wima, miguu karibu, nyoosha mkono wa upanga mbele kwa usawa wa bega. Mkono na mwili vimefanya pembemraba, na ncha imefika mbali kadiri inavyoweza bila wewe kusogeza mguu. Shusha mkono nyuzi 30 tu. Kwa mtu ambaye kutoka begani hadi nchani ni sentimita 170, ncha imerudi karibu sentimita 23. Urefu huo ndio uhai wako. Ndiyo maana anayekulenga gotini anakupa kichwa chake, na ndiyo maana Mhispania alisimama wima na mkono umenyooka huku Mwitaliano akiinama na kukunja magoti. Huko si kujionyesha. Ni hesabu ya pembetatu.

Mienendo ya upanga wakaigawa sita: kupanda, kushuka, kwenda pembeni, kurudi katikati, kwenda mbele na kurudi nyuma. Sitaieleza yote. La kushika ni kwamba mkato kamili unadai mienendo kadhaa mfululizo, ilhali mchomo wa mkono ulionyooka waweza kudai mmoja. Mtu akianza kuzungusha upanga ili akukate, amekwisha kukupa nafasi, na kazi yako ni kuwa mahali ambapo unaweza kuitumia.

Hapo ndipo duara linapoingia, na hapa naomba msome polepole.

Duara la Pacheco linapatikana hivi. Wawili wanasimama mikono imenyooka, ncha ya kila mmoja imefika kwenye kinga ya mpini wa mwenzake na haikupita. Kwa umbali huo hakuna anayeweza kumfikia mwenzake bila kupiga hatua. Umbali kati yao ndio kipenyo, na duara ni ule mstari unaopita walipo wote wawili. Basi. Hakuna siri nyingine. Ukishakuwa nalo kichwani, linakuonyesha hatua zako zinakupeleka wapi. Ukienda moja kwa moja mbele unapita juu ya kipenyo, na ncha ya mpinzani imekaa hapo hapo ikikusubiri. Ukitembea juu ya ukingo wa duara naye akatembea juu ya ukingo upande wa pili, mnabaki mbali vile vile mlivyokuwa, hata mkizunguka hadi jua lizame. Sikilizeni hilo vizuri: kule kuzunguka ambako watu wanadhani ndiyo siri ya Wahispania ni hatua ambayo peke yake haimjeruhi mtu. Inakulinda, inakununulia muda, inakutafutia pembe. Hatua ya kujeruhi ni ile inayolikata duara kwa ndani, kimshazari: umemsogelea na papo hapo umetoka kwenye mstari wa ncha yake. Anapogeuka kukukabili, duara la mwanzo limekufa na jipya limezaliwa, kwa sababu nyote wawili mmehama. Mwalimu anaweza kulichora kwa chaki ili mwanafunzi aone. Mimi pia huchora. Lakini duara ni utepe wa fundi cherehani, na hakuna mteja anayevaa utepe.

Tena hata duara si moyo wa jambo. Moyo ni kuutiisha upanga wa mwenzako, wanaouita atajo. Mpinzani amekuelekezea ncha. Unalaza upanga wako juu ya wake, ukikatiza, sehemu yako iliyo karibu zaidi na mpini ikikutana na sehemu yake iliyo karibu zaidi na ncha. Hupigi wala husukumi. Unalalia. Mwanafunzi mpya hukandamiza kwa nguvu zote, mpinzani anachomoa upanga kwa chini, na ule wa mwanafunzi unaporomoka kuelekea sakafuni huku kifua kikibaki wazi. Aliyezoea hutia uzito mdogo tu, kiasi cha kuhisi kupitia kiganja mwenzake anataka kwenda wapi. Kutoka hapo, ili anipige, sharti kwanza ajikomboe: azungushe ncha, arudi nyuma au anyanyue. Kila njia ni mwendo wa ziada, na mimi nimebakiwa na mmoja, wa mbele. Akinisukuma kwa nguvu, naingia kwa hatua na kuushika mpini wake kwa mkono wa kushoto. Hapo pambano limekwisha, na nina hiari ya kutomuua. Carranza aliweka ulinzi wa Kikristo kwenye jina la kitabu chake, na naamini hakuliweka kama pambo.

Sifa mbaya ya destreza ilienezwa na watu wawili waliojua kuandika. Quevedo, mwandishi Mhispania, katika riwaya yake El Buscón iliyochapwa 1626, aliweka mpiganaji aliyeleweshwa na pembe na mistari hadi akataka kuthibitisha elimu yake kwa miko ya jikoni. Quevedo na Pacheco walikuwa mahasimu, na maneno ya hasimu hupimwa kama maneno ya hasimu. Wa pili ni Mwingereza George Silver, aliyeandika mwaka 1599 kwamba Wahispania huchezesha miguu kana kwamba wako ngomani. Watu wananukuu ngoma wanaishia hapo. Wangeendelea wangemkuta Silver yuleyule, aliyekuwa hawapendi wageni na rapia zao, akikiri kwamba maadamu Mhispania amenyoosha mkono na ncha, haiwezekani mpinzani wake amdhuru, na kwamba zama zake alihesabiwa bora kwa rapia kuliko Mwitaliano. Kisha anatoa dawa yake: kuupiga upanga ule kando kabla ya kuingia. Adui asiyekupenda akilazimika kukutafutia dawa, ujue ulikuwa ugonjwa wa kweli.

Nina mashaka yangu pia. Mkono ulionyooka unatisha kwa sababu ncha iko mbele ya jicho. Sisi tunafanya mazoezi tumevaa vinyago na panga zetu ni butu. Mwanafunzi mwenye ujasiri wa kinyago huivamia ncha ambayo mtu mwenye uso mtupu angeikimbia, na hapo atajo inaonekana dhaifu kuliko vitabu vinavyodai. Sijui nipunguze kiasi gani kwa ajili ya kinyago na kiasi gani kwa ajili ya kujisifu kwa waandishi waliotafuta fadhila za mfalme. Tena mpinzani mwepesi wa vidole, anayezungusha ncha kila unapomgusa, hunisumbua kuliko Pacheco anavyokubali. Jibu la vitabu ni kumtishia kwa ncha wakati ule ule unapomlalia, na jibu hilo ni sahihi, ila linataka mkono wa miaka mingi. Na mchomo wa chini, wa tumboni, dhidi ya mtu aliyesimama wima hivi, bado sijaridhika nao.

Anayetaka kuanza aziache kwanza picha za Thibault. Akitafute kitabu cha Mhispania Ettenhard cha 1675, ambacho ni kifupi na kimepangwa vizuri, kisha apate mwenzake wa kulaliana naye panga, taratibu, kabla hawajagusa chaki.