Ubuyu wa utotoni: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ubuyu wa siku hizi hauna ladha kama wa zamani.

Nimeisikia Kariakoo, nimeisikia ndani ya daladala za Mbagala, na mimi mwenyewe nimeisema. Lakini viungo ni vile vile: ubuyu, sukari, rangi nyekundu, iliki, chumvi kidogo, wengine huongeza pilipili manga. Aliyebadilika ni mlaji. Mtoto hupenda sukari kali kuliko mtu mzima, na watafiti wanaihusisha hamu hiyo na mwili unaokua, unaohitaji nguvu nyingi. Ujana ukifika katikati, hamu inashuka. Ndiyo maana pipi ya kijiti uliyoililia darasa la pili leo inakukinai kabla hujaimaliza.

Uchachu nao ni hivyo hivyo, na hili lilinishangaza zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu kilichopo Philadelphia, Marekani, waliwaonjesha jeli chachu watoto wa miaka 5 hadi 9 pamoja na mama zao. Zaidi ya theluthi ya watoto waliipenda ile iliyokuwa chachu kupita zote. Kwa mama zao, karibu hakuna. Nikakumbuka embe bichi la chumvi na pilipili nje ya geti la shule. Tulikuwa tunalitafuna bila kukunja uso! Leo kipande kimoja tu, meno yanakufa ganzi.

Dhana: Pipi huleta minyoo.

Hapana. Minyoo mingi ya tumboni huingia kwa mayai yake, kupitia mikono isiyonawiwa na matunda yasiyooshwa. Sukari huharibu meno: bakteria wa kinywani huila, wakatoa asidi.

Dhana: Ukizeeka, ulimi unakufa.

Seli za kuonjea hujifanya upya kila baada ya siku 10 hivi, ingawa uzeeni kasi hupungua. Kinachofifia zaidi ni pua, hasa baada ya miaka 60. Jaribu: ziba pua, tafuna kashata ya nazi. Utapata utamu mtupu. Nazi na iliki huzisikii mpaka uachie pua. Na njia ya harufu kichwani hupita jirani kabisa na sehemu zinazotunza kumbukumbu na hisia, ndiyo maana iliki ikinukia jikoni, mtu anajikuta uani kwa bibi yake, Magomeni, ana miaka sita.

Basi bibi akisema kashata yako haina ladha, usimbishie. Safari ijayo mzidishie iliki, sukari iache ilivyo.