Foleni ya Barabara Kuu Huanzia Kwenye Geti la Mtaani

Malalamiko kuhusu foleni Mombasa yameongezeka, na mengi yanakuja na dawa yake tayari: ipanuliwe barabara ya Malindi, iongezwe njia Digo Road, lijengwe daraja jingine la kuingia kisiwani. Sisi wa mipango miji tunayasoma, na tunawashukuru wanaoandika kwa nia njema. Lakini tunapokea pia maombi ya aina nyingine, mara nyingi kutoka mitaa ileile inayolalamika: turuhusiwe kufunga njia inayopita nyuma ya nyumba zetu, kwa ajili ya usalama. Wakaazi hawaoni kwamba ombi la pili linaharibu la kwanza.

Kisiwa chetu kina milango michache. Kaskazini ni daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1980 likachukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931. Magharibi ni Makupa na njia ya Kipevu. Kusini ni feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu imewatoa wale ambao hawakuwa na shughuli kisiwani, ila walilazimika kupitia humo wakielekea Pwani Kusini. Milango hiyo ni bahari iliyoipanga. Kilicho mikononi mwetu ni namna mitaa inavyounganika kabla gari halijafika kwenye milango hiyo.

Tazama Mji wa Kale. Vichochoro ni vyembamba, lakini vinapenya. Ndia Kuu ikijaa watu wa harusi, hamali anageuza mkokoteni wake kwenye kichochoro cha pili na mzigo unafika. Sasa vuka uende kaskazini, sehemu nyingi za Bombolulu, Kisauni na Bamburi. Huko nyumba zilitangulia barabara. Kila mwenye shamba aligawa ploti zake kivyake, akaacha njia moja ya kutokea barabara kuu, na jirani yake akafanya hivyohivyo. Njia hizo hazikutani. Mama ambaye duka liko nyuma ya ukuta wake, mita mia mbili tu, analazimika kupanda tuktuk, atoke hadi barabara kuu, aende mbele, aingie njia ya pili, kisha arudi vivyo hivyo. Safari ya unga inakuwa safari ya barabara kuu, tena mara mbili, na inamkuta pale pale mtu wa Mtwapa anayewahi kazini kisiwani. Halafu tunaambiwa tatizo ni tuktuk.

Nisisitize, kwa sababu jambo hili halieleweki: upana si dawa ya kwanza. Njia moja ya magari isiyokatizwa hupitisha takriban magari 1,800 hadi 1,900 kwa saa. Kwenye makutano yenye taa, ikipewa nusu ya muda, inapitisha kiasi cha 900. Ukiongeza njia kati ya makutano mawili na makutano yenyewe yakabaki yalivyo, umeongeza mahali pa kusubiri. Ni sawa na kupanua ukumbi wa msikiti ukaacha mlango mmoja uleule. Baada ya swala ya Ijumaa viatu vitatafutwa kwa msukumano uleule. Houston, Marekani, waliipanua barabara kuu ya Katy Freeway hadi ikafika njia 26 kwenye baadhi ya sehemu ukihesabu na zile za pembeni, na miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ulikuwa umerefuka.

Makutano ndiyo yenye hesabu. Njia panda ya pande nne ina sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Makutano ya pande tatu yana 9. Mzunguko (roundabout) wenye njia moja tu ya magari una 8. Ndiyo sababu mahali pengine tunazuia kukata kulia, mkaambiwa mwende mbele mkageuze. Dereva huona anapotezewa muda, lakini gari moja linalosubiri kukata kulia linashika yote yaliyo nyuma yake.

Wala si kila njia mpya ni neema. Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwa hesabu mwaka wa 1968 kwamba barabara inayoongezwa inaweza kumchelewesha kila mtu, kwa kuwa wote watakimbilia hiyohiyo. Kwa hivyo hatusemi kila kichochoro kigeuzwe barabara ya malori. Penye hofu ya magari ya kupitiliza, nguzo fupi zinatosha: gari linazuiwa, mtu wa miguu na baiskeli wanapita. Barcelona walianza kufanya hivi kwa mapana mtaani Poblenou mwaka wa 2016. Geti lenye kufuli linamzuia hata mtoto wa shule.

Sasa utaratibu, kwani hapa ndipo wengi hujikwaa. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna uendelezaji unaoanza bila idhini ya kaunti. Ombi huwasilishwa kwa maandishi likiwa na michoro na uthibitisho wa umiliki. Ukinyimwa, unaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na usiporidhika uende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayeanza ujenzi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kauli ya "tulikubaliana majirani" si idhini. Wala risiti ya mchango wa kununulia geti si idhini, tumeletewa.

Kwa madereva, kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinasema hivi: kuacha gari mahali linapozuia wengine ni Sh10,000, kuendesha juu ya njia ya miguu Sh5,000, kukaidi ishara ya barabarani Sh3,000, matatu kubeba au kushusha abiria pasipo stendi iliyoruhusiwa Sh1,000. Mtembea kwa miguu anayezuia magari kwa makusudi naye ana Sh500 zake. Ukipewa notisi, unaweza kukubali kosa na kulipa, au ukatae na ufike mahakamani siku iliyoandikwa. Matatu inaposimama katikati ya njia ya kushoto pale kituo cha Lights, kwa muda huo barabara imebaki na upana ambao hakuna mhandisi aliyeuchora.

Makala haya si agizo la kubomoa geti lolote, wala hayampi yeyote ruhusa ya kulivunja la jirani. Kila mtaa utaangaliwa peke yake, kwa ramani yake. Tunatambua pia kwamba baadhi ya njia zilifungwa baada ya wizi wa kweli, na wakaazi hao wana haki ya kusikilizwa, ikiwemo kuomba taa za barabarani kabla ya kufuli.

Anayenunua ploti aje kwanza atazame ramani ya upimaji. Njia iliyochorwa hapo ni ya umma hata kama leo imeota mchicha au imejengwa kibanda, na muuzaji anayekwambia "hiyo haitumiki" hana mamlaka ya kuifuta.

Mwisho, peleka lalamiko panapohusika. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara kuu za kitaifa, ikiwemo ile ya Malindi, ziko chini ya serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho ni za kaunti. Lalamiko kuhusu njia iliyofungwa liandikwe, litaje mtaa na namba ya ploti iliyo jirani, na liambatanishwe picha ya njia yenyewe. Picha ya foleni hatuihitaji, tunayo ya kutosha.