Ganzi ya meno: maswali yanayowakwamisha wanafunzi

Lignokaini, dawa ya ganzi, huzuiaje maumivu?

Huziba milango ya sodiamu kwenye utando wa neva. Sodiamu isipoingia, taarifa ya maumivu haisafiri. Ila mlango huo huzibwa kutokea ndani, kwa hiyo dawa haina budi kuupenya kwanza utando, na utando ni mafuta.

Mbona jino lenye usaha halishiki ganzi?

Kwa sababu ya asidi. Mwilini lignokaini huwa katika sura mbili, yenye chaji na isiyo na chaji, na isiyo na chaji ndiyo inayopenya mafuta. pKa yake, yaani pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ambapo sura hizo mbili hulingana, ni 7.9 hivi. Kwenye tishu isiyo na maambukizi, yenye pH 7.4, karibu asilimia 24 ya dawa haina chaji. Maambukizi yakishusha pH hadi 6.4, inabaki asilimia 3 tu. Juu ya hayo, mishipa ya damu imetanuka na inaizoa dawa, na neva zenyewe zimekuwa nyepesi kushtuka.

Basi ukiongeza katriji (kichupa cha dawa kinachopachikwa kwenye bomba la sindano) ya tatu na ya nne palepale, unaongeza sumu, si ganzi. Choma mbali na uvimbe: kwa gego la chini, ifuate neva kabla haijaingia kwenye mfupa wa taya. Usipitishe sindano kwenye usaha, utasambaza wadudu.

Dozi inahesabiwaje?

Kwa miligramu na uzito wa mgonjwa. Kuhesabu katriji peke yake ndiko kunakoponza watu. Lignokaini ya asilimia 2 ni gramu 2 katika ml 100, yaani mg 20 kwa kila ml. Katriji ya ml 1.8 ina mg 36. Ya ml 2.2 ina mg 44. Soma lebo.

Ukomo wa tahadhari ni mg 4.4 kwa kilo, jumla isizidi mg 300. Ikiwa na adrenalini, miongozo kadhaa huruhusu hadi mg 7 kwa kilo, isizidi mg 500. Kwa mtoto, baki kwenye 4.4.

Chukua mtoto wa kilo 15: 15 × 4.4 = mg 66. Gawanya kwa 36, unapata katriji 1.8. Mbili kamili tayari zimezidi! Na huo ni ukomo, si kiasi cha kulenga. Mpime kwenye mizani, usimkadirie kwa macho.

Adrenalini inawekwa ya nini?

Lignokaini peke yake hutanua mishipa ya damu, ikachukuliwa upesi. Adrenalini huibana, na ganzi ya kiini cha jino, ambayo ingeisha ndani ya dakika 10 hivi, hufika karibu saa nzima.

Kipimo cha 1:100,000, yaani gramu 1 ya adrenalini katika ml 100,000, kina mikrogramu 10 kwa ml, yaani 18 kwa katriji ya ml 1.8. Mgonjwa wa moyo kwa kawaida huwekewa ukomo wa mikrogramu 40: katriji mbili. Kwa 1:80,000, mbili zinafika 45, umeshapita.

Moyo kwenda mbio mara tu baada ya sindano mara nyingi ni adrenalini iliyoingia kwenye damu. Usikimbilie kuandika "mzio wa ganzi" kwenye faili. Maneno hayo yatamfuata mgonjwa kila aendako.

Sumu ikianza, nitaijuaje?

Vitabu hutaja ganzi ya midomo na ulimi, lakini sisi tumeshaitia ganzi midomo hiyo wenyewe. Kwa hiyo mwongeleshe mgonjwa. Sikiliza kama analalamika masikio kuvuma au ladha ya chuma mdomoni, kama ulimi umekuwa mzito, kama anatetemeka. Baadaye huja degedege, kisha pumzi kukatika. Acha kuchoma, ita msaada, mpe oksijeni.

Kinga ni mkono wenyewe: vuta pistoni nyuma kidogo kabla ya kusukuma, damu ikionekana badili mahali, na sukuma ml 1 kwa dakika nzima.

Mgonjwa wa asubuhi akirudi mchana, naanza hesabu ya dozi upya?

Hapana. Ini huchukua saa moja na nusu hadi mbili kuondoa nusu tu ya lignokaini iliyo kwenye damu, na ini bovu au propranolo (dawa ya moyo na shinikizo la damu) huchelewesha zaidi. Jumlisha na ya asubuhi.