Umeme wa neva na kibofu baada ya kuumia uti wa mgongo

Kibofu changu hakikuumia. Mbona mkojo unanisumbua?

Kibofu huendeshwa na neva za sehemu ya chini ya uti wa mgongo, zinazoitwa S2 hadi S4, kwa amri ya ubongo. Ukianguka kwenye mjengo au ukagongwa kwenye bodaboda, na njia ya amri ikakatika juu ya hapo, kibofu hujiendea chenyewe. Hujibana bila taarifa, na mara nyingi mlango wake nao hujifunga wakati uo huo. Kidogo huvuja, kingi hubaki, na shinikizo huelekea kwenye figo. Watu hulalamikia nguo kulowa. Mimi naogopa zaidi figo, kwa sababu huharibika bila kuuma.

Umeme unafanya nini hapo?

Inategemea ni umeme upi. Ulio mwepesi hupitishwa kwenye neva iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ambayo chimbuko lake liko karibu na lile la neva za kibofu. Hutumika sindano nyembamba au vibandiko vya ngozini, kwa dakika 30. Ile ya sindano kwa kawaida hufanywa mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Kazi yake ni kukituliza kibofu kinachojibana ovyo. Haikojozi mtu. Wengine hupata nafuu, wengine hawaoni tofauti, na ukiacha dalili zinaweza kurudi.

Kuna pia kifaa kinachopandikizwa karibu na neva ya S3. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1997 kwa watu wanaobanwa na mkojo ghafla hadi unawatoka. Kwa aliyekatikiwa kabisa na mawasiliano ya uti wa mgongo, usitarajie makubwa.

Cha kukojoza kweli ni kile kilichobuniwa na mtafiti Giles Brindley, London, miaka ya 1970. Elektrodi, yaani vipitisha umeme vidogo, hupachikwa kwenye mizizi ya neva za S2 hadi S4, nawe unawasha kwa kifaa cha nje na kibofu kinajibana. Lakini kwa kawaida daktari hukata pia mizizi ya hisia, na mwanamume anaweza kupoteza uwezo wa kusimika. Aambiwe hilo kabla ya kutia sahihi, si baada ya upasuaji. Aliyeumia chini kabisa, neva zenyewe zikafa, hakimfai.

Basi nitupe mpira wa mkojo?

Usitupe. Kujitoa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa 4 hadi 6 bado ndio msingi.

Nimeona mtandaoni mashine ya TENS, ile ya kupitisha umeme kwa vibandiko vya ngozini. Ninunue?

Pima kwanza. Kuna kipimo ambacho kibofu hujazwa maji polepole kupitia mpira mwembamba huku shinikizo likisomwa. Bila hicho unatibu usichokijua. Halafu ngozi isiyo na hisia inaweza kuungua usijue. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au mjamzito, asijiwekee kabisa bila daktari.

Mume wangu aliumia shingoni. Wakati mwingine kichwa humgonga ghafla na uso kutoka jasho. Ni mashine?

Inawezekana, mama, lakini mara nyingi ni kibofu kilichojaa. Aliyeumia T6, yaani pingili ya sita ya mgongo sehemu ya kifua, au juu yake anaweza kupandwa na presha kwa kasi ya hatari. Zima mashine, mketishe wima, legeza mkanda na nguo, angalia kama mpira umejikunja au kuziba, na kama hana mpira mtoe mkojo. Isiposhuka, mkimbize hospitali.

Nianzie wapi Nairobi?

Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo iko Hurlingham. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta nayo haiko mbali na hapo. Kabla ya kwenda, andika kwa siku 3 umekunywa kiasi gani, umetoa mkojo saa ngapi na mililita ngapi, na umevuja lini. Omba pia figo zipigwe picha ya ultrasaundi na damu ipimwe kreatinini, inayoonyesha kama figo zinafanya kazi, hata kama uliyemfuata ni mtu wa mashine tu.