Namba kubwa kwenye darubini ya bunduki haikupi shabaha nzuri

"Nikikuza zaidi nitapiga kwa uhakika zaidi." Kauli hii naisikia kila msimu kutoka kwa wageni wanaofika kambini na darubini inayokuza mara 5 hadi 25 juu ya bunduki ya .375 (bunduki nzito ya wanyama wakubwa), na siku hizi hata vijana wetu wanaosomea uwindaji bingwa wanairudia. Imenichosha, maana gharama yake hulipwa na mnyama aliyejeruhiwa na wasoma nyayo wanaoingia kichakani kumfuata.

Chukua upana wa kuona. Kwenye mara 4, kwa umbali wa mita 100, unaona eneo la upana wa mita 9 hivi. Panda hadi mara 12, unabaki na mita 3. Sasa mbogo wa miombo utampata mita 50 au 60, tena ndani ya kundi. Kwa mita 50 na mara 12, unachokiona ni mita moja na nusu ya ngozi nyeusi tupu. Hujui ni bega au tumbo, wala humwoni jike aliyesimama nyuma yake ambaye risasi ikipenya itampata. Kundi likijisogeza kidogo, dume wako umempoteza, na ukimpata tena huna hakika kama ni yuleyule.

Halafu mkono. Darubini haiutulizi, inakuza na mtetemeko wako. Mtu ametembea saa tatu juani, bado anahema, anaona alama ya msalaba ikicheza bega zima. Anasubiri ipite mahali pake, kisha anavuta kifyatulio kwa pupa. Kwenye mara 3 mtetemeko ni uleule, ila haumtishi, kwa hiyo anabana taratibu. Mchana ardhi ikishapata moto, ukuzaji mkubwa hukuonyesha mawimbi ya joto tu.

Kwa miombo, mara 1 hadi 6 inatosha kabisa. Kwa mbuga za wazi, ambako swala granti unaweza kumpiga mita 200, mara 3 hadi 9 haijawahi kupungua kitu. Na ukitembea, acha namba ya chini kabisa! Kuongeza ukiwa na nafasi ni rahisi. Mbogo akikujia hutapata muda wa kupunguza.

Wapo wanaoamini lenzi ya mbele ya milimita 56 ndiyo inayoleta mwanga. Gawanya kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni: lenzi ya milimita 42 kwenye mara 6 inakupa milimita 7. Mboni ya kijana gizani hufunguka kama milimita 7, ya mtu wa miaka 60 mara nyingi ni 5 hivi. Mwanga unaozidi hapo hauingii jichoni. Lenzi hizo zina kazi yake Ujerumani, ambako watu huwavizia nguruwe pori usiku. Kwetu kuwinda usiku ni marufuku, na darubini kubwa hukaa juu mno hadi shavu linaachana na kitako cha bunduki. Bomba la milimita 30 nalo haliongezi mwanga. Faida yake ni nafasi zaidi ya kurekebisha shabaha.

Kwa .375, ulizia kwanza umbali wa jicho, yaani jicho linavyopaswa kukaa mbali na lenzi ya nyuma, maana bunduki hii hurudi nyuma kwa nguvu. Chini ya sentimita 9 usinunue, itakupasua nyusi.

"Dukani wameshaiweka sawa kwa leza." Leza inakufikisha kwenye karatasi ya shabaha tu, si katikati yake. Bunduki imepanda ndege, imerushwarushwa kwenye gari la wazi. Kabla hatujatoka tunapiga risasi tatu kwenye shabaha kwa mita 100, kwa risasi zilezile utakazowindia.

Na anayesema hahitaji binokula kwa kuwa ana darubini kwenye bunduki anasahau kuwa popote anapoitazamisha, mtutu unaelekea hapohapo. Kichakani, kinachotikisa majani mara nyingi ni msoma nyayo wetu. Nunua binokula ya 8x42 au 10x42 (inakuza mara 8 au 10, lenzi ya milimita 42), na bunduki uinyanyue ukishajua unalenga nini.