Mtaro Kwanza, Lami Baadaye

Wiki iliyopita, katika kikao cha kukusanya maoni ya wananchi upande wa Molo, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, mzee mmoja alisimama akasema maneno ambayo nimeyasikia tangu nilipoanza kazi ya uhandisi wa barabara: "Injinia, hayo ya mitaro yaache, sisi tunataka lami." Watu walipiga makofi. Nilimjibu kwa ukali usiostahili umri wake, na kwa hiyo nataka kueleza hapa kwa utulivu nilichoshindwa kueleza pale.

Mkulima wa viazi wa Molo, Elburgon au Kuresoi hazuiwi kufika sokoni na vumbi la Januari. Huzuiwa na zile siku za masika ambapo lori linashindwa kupanda kilima kimoja chenye utelezi, pengine kilomita tatu tu kutoka barabara kuu. Siku hizo magunia hubebwa na punda, ujira wa punda hukatwa kwenye bei ya kiazi, na dalali anajua vyema kwamba gunia likishashushwa kando ya lami halirudi tena shambani. Barabara inayomfaa mkulima huyu ni ile inayopitika siku mbaya kuliko zote katika mwaka, na siku hiyo huamuliwa na maji.

Changarawe iliyoshindiliwa vizuri hubeba lori ikiwa kavu, ikilowa, hulegea. Sisi wenyewe hulijua hilo, kwani maabara huiloweka sampuli ya udongo kwa siku 4 kabla ya kupima uwezo wake wa kubeba mzigo. Lami nyembamba tunayoweka kwenye barabara za vijijini haiongezi nguvu nyingi. Kazi yake ni kama ya koti la mvua. Mtaro ukiziba, maji husimama ukingoni na kupenya chini ya koti hilo, kisha kila gurudumu zito likipita hukamua tope kupitia nyufa, hadi ufa uwe shimo. Barabara ya changarawe iliyoharibika huchongwa upya kwa greda na kushindiliwa, lakini lami iliyobomoka juu ya udongo uliolowa hubidi ing'olewe, na fedha za kuing'oa huchukua miaka kupatikana.

Uzito wa magari nitaugusa tu. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli, kwa hiyo ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12 huharibu barabara karibu mara mbili. Wanaopakia miwa kupita kiasi wayatafakari hayo.

Ninalotaka watu walitazame kwa makini ni mgongo wa barabara. Njia ya changarawe yenye upana wa mita 5, ikipewa mwinamo wa asilimia 5 kila upande, inapaswa kuwa juu katikati kwa sentimita 12.5 kuliko ukingoni, karibu urefu wa kalamu. Funga kamba kwenye vigingi viwili, ukingo hadi ukingo, uikaze juu ya mgongo kwa usawa wa pima maji, kisha upime kimo chake kutoka ardhini ukingoni na katikati; tofauti ndiyo kimo cha mgongo. Nimepima nyingi ambazo zilibakiwa na sentimita 3 au 4, na nyingine katikati palikuwa pamegeuka kuwa mfereji, kwa sababu dereva wa greda alikwangua barabara hadi ikawa bapa, akaacha tuta la udongo kila ukingo, na tuta hilo likayazuia maji yasifike mtaroni. Kwa macho ya mpita njia, barabara hiyo imetengenezwa. Mvua mbili zikinyesha, imekwisha.

Hata mgongo ukiwa sawa, maji ya mtaroni lazima yapate pa kwenda. Kwenye miteremko ya Kuresoi tunachimba mitaro ya kuyachepusha kila baada ya umbali fulani, kabla hayajapata kasi ya kuchimba korongo, na kila mchepuko unaishia kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba akiona viazi vyake vinasombwa, huuziba usiku kwa jembe. Vitabu vyetu huonyesha mshale unaoelekeza maji nje ya barabara, na mchoro unaishia hapo. Kwa miaka mingi nimewalaumu wazibaji hawa, lakini sasa sina uhakika kwamba wao ndio wenye makosa, na bado sijapata njia ya haki ya kugawa maji ambayo hakuna anayeyataka. Bonde la Kano, karibu na Kisumu, lina shida nyingine: ardhi ni tambarare, udongo mweusi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na huko huwa tunalazimika kuinua tuta la barabara na kuongeza kalvati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara.

Nina shaka nyingine inayonisumbua zaidi. Utafiti wa Asher na Novosad kuhusu barabara za vijijini India, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulikuta kwamba barabara mpya ziliwasaidia watu kuacha kazi za kilimo, ilhali mapato na mavuno hayakubadilika sana. Sijui kama Molo ingekuwa hivyo, kwa kuwa kiazi huoza na kinahitaji lori kwa wakati. Hata hivyo, siwezi tena kuwaahidi watu katika kikao kwamba barabara peke yake itawatajirisha.

Baada ya kikao nilimwomba mzee radhi, tukatembea pamoja hadi kwenye kalvati iliyo chini ya kilima. Ilikuwa ya milimita 450, kipenyo ambacho huziba upesi na ni shida kukizibua kwa jembe. Tulipaswa kuweka ya 600 tangu mwanzo. Alichomeka fimbo yake mdomoni mwa bomba, ikazama shubiri moja tu, ikagota kwenye tope. Alitazama juu ya kilima, akaniuliza maji hayo yakifunguliwa yatapita kwa nani. Nilimwonyesha shamba la chini. Akasema, "Hilo ni la mdogo wangu," na tukakubaliana kwamba Jumamosi tutakwenda kuzungumza naye sote wawili.