Bonde la Hinomu na asili ya jehanamu

Makatekista ninaowafundisha Biblia hapa Bagamoyo hushangaa wanapoambiwa kwamba Musa hakuhubiri jehanamu. Waisraeli wa kale waliamini kuwa wafu wote, wema kwa waovu, hushukia kuzimu, mahali pa giza na ukimya. Mtunga Zaburi ya 6 anamwomba Mungu amponye kwa hoja kwamba huko kuzimu hakuna wa kumshukuru. Ni katika Danieli 12:2, kitabu ambacho wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2 kabla ya Kristo, wakati Wayahudi walioshika Torati walipokuwa wakiuawa, ndipo tunaposoma waziwazi kwamba wengine watafufuka wapate uzima wa milele, na wengine aibu. Damu ya wenye haki ilikuwa inadai hukumu.

Moto, kwa upande wake, una mahali pake. Kusini mwa Yerusalemu liko Bonde la Hinomu, Gehena kwa Kigiriki cha Injili, ndiyo jehanamu yetu, ambako, kwa ushuhuda wa Yeremia 7:31, watu wa Yuda walijenga Tofethi, mahali pa ibada, wakawateketeza wana wao na binti zao. Mfalme Yosia alipatia unajisi mahali hapo, na nabii akatangaza kwamba pataitwa Bonde la Machinjo. Mahubiri mengi husema bonde hilo lilikuwa jalala la mji lililowaka usiku na mchana, lakini maelezo hayo yanatokana na Rabi David Kimhi, aliyeandika karibu na mwaka 1200, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu. Nawasihi wahubiri wayaache, kwani yanaweka takataka mahali walipochomwa watoto, na hapo uzito wote wa neno la nabii hupotea.

Agano Jipya linaitaja Gehena mara 12, na mara 11 ni kinywani mwa Yesu, ambaye hawatishii wapagani nayo hata mara moja: anawaonya wanafunzi wake, na anawakemea waandishi na Mafarisayo.

Baadaye mwanateolojia Origen wa Aleksandria alitumaini kwamba moto huo hutakasa, na Askofu Agostino akampinga akitetea adhabu ya milele. Kanisa Katoliki lilifuata njia ya Agostino kuhusu umilele, ila Katekisimu, namba 1035, inasema adhabu iliyo kuu ni kutengwa na Mungu, na namba 1037 inaongeza kwamba Mungu hamkusudii mtu yeyote tangu awali aende huko.